MWAKA WA MAJIVU NA MIAKA YA DARFUR: UKAME UNAPOGEUKA VITA



Shukrani zote njema anastahiki Allah, Muumba wa mbingu na ardhi, Mwenye kuteremsha mvua. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), aali zake na masahaba zake.

Ndugu zangu katika imani, darasa la leo ni refu kidogo. Mwenye nafasi akae kitako asome mpaka mwisho. Mwenye shughuli aliweke, alisome baada ya Isha.

Vijana wamekuwa wakiniuliza maswali mawili. La kwanza: "Ustadh, haya mabadiliko ya tabianchi si mambo ya Wazungu? Mvua si iko mikononi mwa Allah? Sisi yanatuhusu nini?" La pili linahusu Sudan: "Waislamu kwa Waislamu wanauana kiasi hiki, wamelogwa au vipi?"

Watu huyaona maswali haya kuwa ni mawili, kila moja na njia yake. Mimi naona yanakutana, na mahali yanapokutana ni Darfur, magharibi ya Sudan. Lakini hatutaielewa Darfur vizuri mpaka kwanza tupite Madina, katika zama za Sayyidna Umar bin al-Khattab (r.a.).

Neno langu la leo ni hili. Mvua iko mikononi mwa Allah, hilo ni itikadi na halina mjadala. Lakini mvua inapokatika, yale tunayotendeana baada ya hapo yako mikononi mwetu, na ndiyo tutakayoulizwa.

MADINA, MWAKA WA 18 HIJRIA

Mwaka wa 18 Hijria, sawa na 639 Miladia, mvua ilikatika Hijaz. Ardhi ilikauka ikawa nyeusi, na upepo ulipovuma ulipeperusha vumbi mfano wa jivu. Ndiyo maana mwaka ule ukaitwa Aamur-Ramaada, Mwaka wa Majivu. Wanahistoria wetu wanasema shida ile ilidumu kiasi cha miezi tisa. Mifugo ilikufa. Mabedui wa majangwani wakabeba watoto wao na wagonjwa wao, wakaelekea Madina.

Hebu tusimame hapa tufikiri. Maelfu ya watu wenye njaa, watu wa jangwani wanaojua kutumia silaha, ambao babu zao tangu jahilia walipigana kwa sababu ya kisima na malisho, wanakuja kupiga kambi nje ya mji mmoja ambao wenyewe hauna chakula. Tena haikuwa imepita hata miaka kumi tangu vita vya Ridda, makabila yalipogoma kutoa zaka. Ukipiga hesabu ya kibinadamu, hapo pana kila sababu ya damu kumwagika. Haikumwagika. Kwa nini?

Jambo la kwanza, Umar hakuificha njaa. Aliihesabu. Ibn Saad amepokea kwamba jioni moja Khalifa aliamuru wahesabiwe waliokula kwenye vyungu vyake, wakapatikana watu 7,000. Akaamuru wahesabiwe na walioshindwa kuja, yaani wagonjwa na watoto waliobaki mahemani, wakapatikana 40,000. Baada ya siku chache akahesabu tena: 10,000 na 50,000. Kiongozi anayehesabu wenye njaa ni kiongozi aliyekubali kuwa njaa ipo.

Jambo la pili, aliomba. Amirul-Muuminina, ambaye majeshi yake yalikuwa yamewashinda Warumi na Waajemi, hakuona haya kuwaandikia magavana wake kwamba watu wanaangamia. Wa kwanza kufika alikuwa Abu Ubayda bin al-Jarrah (r.a.) kutoka Sham, akiwa na ngamia 4,000 waliobeba chakula. Umar akampa kazi ya kukigawa kwa watu waliokuwa pembezoni mwa Madina. Aliweka pia wasimamizi pande zote za mji, na kila jioni walikutana kwake kumpa habari za siku.

Jambo la tatu, aliionja njaa mwenyewe. Aliacha samli, nyama na maziwa, akawa anakula mkate kwa mafuta ya zeituni mpaka rangi ya mwili wake ikageuka. Tumbo lilipomuunguruma aliliambia lizoee, halitapata kingine mpaka watu wapate. Na imepokewa kwamba alikusudia, lau faraja ingechelewa, kuingiza katika kila nyumba ya Madina idadi ya wenye njaa sawa na idadi ya wenyeji wa nyumba hiyo, kwa sababu mtu hafi kwa kula nusu ya shibe yake.

Jambo la nne ndilo nataka mlishike sana, kwa sababu tutalirudia tukifika Sudan. Umar aliitazama sheria kwa jicho la shida ya watu. Mwaka ule hakuwatuma wakusanyaji wa zaka kwa wafugaji. Aliahirisha mpaka mvua iliponyesha, kisha alipokusanya, sehemu moja akaamuru igawiwe palepale kwa maskini wao. Na adhabu ya kukata mkono wa mwizi hakuitekeleza katika mwaka wa njaa. Umar ni yule yule tunayemjua kwa ukali wa haki. Lakini alijua kwamba mtu aliyeiba ili mwanawe asife na mtu aliyeiba kwa tamaa hawako sawa, na kwamba dola iliyoshindwa kumlisha mtu haiwezi kuanza na mkono wake.

Jambo la tano, alitoka na watu kuomba mvua, akamtanguliza Abbas (r.a.), ami yake Mtume (s.a.w.), aombe dua. Mvua ikanyesha. Hapo Umar hakuwaacha wageni wake wazagae mjini. Aliwapa masurufu na vipando vya kurudia makwao.

Tazameni mpangilio ulivyo. Dua ilikuwepo, na vyungu vilikuwa jikoni, na hesabu ilikuwa inafanywa, na ngamia walikuwa njiani. Hakuna aliyesema "ni qadar" kisha akakunja mikono.

DARFUR KABLA YA UKAME

Sasa tuvuke Bahari ya Shamu, tuipite Khartoum, twende magharibi kabisa mpaka mpaka wa Chad. Darfur, yaani nchi ya Wafur, ni eneo linalokaribia Ufaransa kwa ukubwa. Nimeichagua kwa sababu karibu watu wake wote ni Waislamu. Ilikuwa usultani wa Kiislamu tangu karne ya 17. Sultani wake wa mwisho, Ali Dinar, alikuwa akipeleka zawadi Makka na Madina. Waingereza walimuua Novemba 1916, na mwanzoni mwa 1917 nchi ikaunganishwa na Sudan. Kwa hiyo asije mtu akasema walipigana kwa sababu ya dini. Dini yao moja, qibla chao kimoja, Qur'ani yao moja.

Watu wa Darfur waliishi kwa riziki mbili. Wako wakulima wa uwele na mtama, hasa Wafur na Wamasalit, wenye ardhi nzuri kuzunguka milima ya Jebel Marra. Na wako wafugaji, wengi wao Waarabu: kaskazini wa ngamia, kusini wa ng'ombe. Watu wa riziki hizi mbili walihitajiana. Mkulima akishavuna, mfugaji alileta mifugo yake ikala mabua shambani na kuacha samadi. Mkulima alipata mbolea, maziwa na mnyama wa kubeba mazao. Mfugaji alipata malisho na nafaka. Njia za mifugo zilijulikana, na tarehe za kupita zilijulikana. Wakigombana, wazee wa pande mbili walikaa chini wakahukumu, diya ikalipwa, mambo yakaisha.

Na ardhi ilikuwa na hati. Masultani walitoa hati zenye mhuri, ardhi hiyo ikaitwa hakura. Makabila mengi yalipata eneo lao. Lakini kuna wafugaji wa ngamia wa kaskazini ambao hawakupata eneo, kwa sababu maisha yao yalikuwa ya kuhama. Mvua ilipokuwa ya kutosha, hilo halikuwauma. Walipita kwa watu na watu wakawapokea.

MVUA ILIPOPUNGUA

Mwishoni mwa miaka ya 1960 mvua ilianza kupungua katika ukanda wote ulio kusini ya Sahara, kutoka Senegal mpaka Sudan. Huko El Fasher, mji mkuu wa Darfur Kaskazini, ukilinganisha miaka ya 1946 hadi 1975 na miaka ya 1976 hadi 2005, wastani wa mvua umeshuka kwa takriban thuluthi moja. Thuluthi ya mvua mahali penye mvua nyingi ni upungufu. Mahali ambapo mvua ni ya kupimia kwa kibaba, thuluthi ikiondoka limeondoka shamba zima.

Mpangilio wa zamani ukaanza kulegea. Wafugaji wa kaskazini walishuka kusini mapema kabla ya mavuno na kukaa muda mrefu zaidi. Wakulima, ambao mavuno yao yalipungua, walipanua mashamba mpaka juu ya njia za mifugo, wakayazungushia miiba, na wengine wakachoma majani ili mifugo isije. Kila upande ulikuwa na hoja. Huyu anasema, "Hii njia ya babu yangu." Yule anasema, "Hili shamba la babu yangu." Wote wawili walikuwa wanasema kweli.

Katika hali hiyo ndipo anapohitajika hakimu anayeaminika. Lakini serikali ya Rais Jaafar Nimeiry ilikuwa imeshapitisha sheria mwaka 1970 kwamba ardhi yote isiyosajiliwa ni mali ya serikali, na mwaka uliofuata ikafuta utawala wa wazee wa makabila. Hati za masultani zikakosa nguvu, na wazee waliojua kuamua wakavuliwa mamlaka. Waliowekwa mahali pao hawakuwa na fedha, hawakuwa na askari, na hawakujua nani alipita wapi mwaka gani.

Kisha ikaja njaa kubwa ya 1984 na 1985. Kabla yake, gavana wa Darfur, Ahmed Diraige, mwenyewe mwana wa Darfur, alimwandikia Nimeiry akimtahadharisha kwamba njaa inakuja na kwamba ulimwengu uombwe msaada. Nimeiry hakutaka kusikia habari ya njaa. Diraige akaishia kuikimbia nchi. Mtafiti wa Kiingereza Alex de Waal, aliyeishi na watu wa Darfur miaka ile, alikadiria kuwa njaa na maradhi yake vilichukua roho za watu 95,000 zaidi ya vifo vya kawaida. Chakula kikubwa kilichofika kilikuwa mtama wa msaada kutoka Marekani, nao ulichelewa. Wenyeji wakaupa mtama ule jina la rais wa Marekani wa wakati huo: Reagan. Waislamu waliolishwa na Reagan, kwa sababu Abu Ubayda wao hakutumwa.

Na sasa lile nililowaambia mlishike. Septemba 1983, ukame ukiwa umeshika nchi, Nimeiry alitangaza kwamba Sudan inatawaliwa kwa sharia. Mikono ya wezi ikaanza kukatwa hadharani Khartoum, katika miaka ile ile ya njaa. Baadaye akataka watu wampe bai'a kama imamu. Ndugu zangu, huyu alichukua kutoka kwa Umar upanga peke yake. Hakuchukua vyungu, hakuchukua hesabu, hakuchukua mafuta ya zeituni. Aliwakata watu wenye njaa mikono katika mwaka ambao Umar angewaachia. Aprili 1985 watu waliingia barabarani na jeshi likamwondoa. Lakini Darfur ilikuwa imeshajeruhiwa.

BABA NA MWANA

Mwaka ule wa 1985, de Waal alimtembelea hemani mwake mzee mmoja mashuhuri wa wafugaji wa ngamia wa kaskazini, Sheikh Hilal Abdalla. Mzee alikuwa ameshadhoofika. Alimweleza mgeni wake kwamba mpangilio wa dunia aliyoijua umeharibika. Upepo unaleta mchanga juu ya ardhi nzuri. Mvua chache zinazonyesha zinachukua udongo wa rutuba. Na wakulima waliokuwa wakiwapokea ngamia zake sasa wanazizuia. Alizungumza kama mtu mwenye huzuni, hakuzungumza kama mtu wa vita.

Mzee huyu alikuwa na mtoto aitwaye Musa. Miaka 18 baadaye, Musa Hilal alikuwa kiongozi wa wapiganaji wanaoitwa Janjaweed, na mwaka 2006 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa likamwekea vikwazo kwa jina lake.

Kutoka huzuni ya baba mpaka bunduki ya mwana ni kizazi kimoja tu. Na bunduki zenyewe hazikuota jangwani. Vita vya Chad na Libya miaka ya 1980 viliijaza Darfur silaha. Kati ya 1987 na 1989 Wafur na makabila ya Kiarabu walipigana vikali. Wakasuluhishwa El Fasher mwaka 1989, lakini ardhi na njia za mifugo hazikupata ufumbuzi wa kudumu. Mwaka 2003 vijana wa Darfur, hasa Wafur, Wazaghawa na Wamasalit, walishika silaha dhidi ya serikali wakidai wametupwa. Serikali ya Omar al-Bashir haikuchagua kuwasikiliza. Iliwatafuta wafugaji wasio na ardhi, ikawapa silaha na ikawaacha wachukue watakachokipata. Vijiji vilichomwa, visima vikaharibiwa, wanawake wakavunjiwa heshima. Mwaka 2008 Umoja wa Mataifa ulikadiria kuwa waliokufa kwa vita, njaa na maradhi wanaweza kufika 300,000. Zaidi ya milioni mbili walihama makwao.

Hapa naomba tuwe waadilifu. Wako wanaosema, "Vita vya Darfur ni vya mabadiliko ya tabianchi," wakaishia hapo. Hilo ni kumwondolea mkosaji kosa lake. Tazameni hili: Warizeigat wa kusini, Waarabu wafugaji wa ng'ombe, ukame uliwapiga pia. Na wao ni ndugu wa damu wa wale wa kaskazini. Lakini hawa wa kusini walikuwa na eneo lao la ardhi linalotambuliwa, na mkuu wao wa jadi, Saeed Madibo, alikataa watu wake kuingizwa katika vita ile. Ukame ni ule ule, asili ni ile ile. Tofauti ni kwamba mmoja alikuwa na haki yake mkononi na mzee anayesikilizwa, mwingine hakuwa navyo. Ukame ulikausha kuni. Kiberiti kiliwashwa na watu.

Na moto haujazimika mpaka leo. Kutokana na Janjaweed, serikali iliunda mwaka 2013 kikosi kinachoitwa RSF. Aprili 15, 2023 kikosi hicho na jeshi viligeukiana, na Sudan nzima ikawaka. Agosti 2024 baa la njaa lilithibitishwa katika kambi ya Zamzam, karibu na El Fasher. Ndani ya kambi za Darfur mko vijana wenye miaka zaidi ya 20 waliozaliwa humo, ambao hawajawahi hata siku moja kulima shamba la baba yao. Hiki ndicho kizazi kijacho tunachokizungumza. Kimeshazaliwa.

NANI ALIIKATA MVUA YA DARFUR?

Kwa muda mrefu lawama iliwekwa kwa wafugaji wenyewe. Ilisemwa kwamba mifugo yao imemaliza majani ndiyo maana mvua haiji. Kukata miti na kulisha kupita kiasi kuna madhara, sikatai. Lakini wataalamu walipochunguza zaidi waligundua kuwa sababu kubwa ya ukame ule mrefu ilikuwa mabadiliko ya joto la maji ya bahari kuu, ikiwemo hii Bahari ya Hindi tunayovua samaki sisi. Bahari ikibadilika joto, pepo za mvua nazo hubadilika.

Na joto la dunia linapanda. Kabla ya viwanda, katika kila chembe milioni za hewa zilikuwemo takriban 280 za gesi ya ukaa. Leo zimepita 420, kwa sababu ya makaa ya mawe, mafuta na gesi yanayochomwa, na misitu inayokatwa. Joto la dunia limeshapanda kwa zaidi ya digrii moja tangu karne ya 19. Mfugaji wa Darfur mwenye ngamia wake ana sehemu gani katika hilo? Karibu hana kabisa. Bara letu lote la Afrika lina sehemu ndogo mno. Hii ndiyo dhuluma yenyewe: aliyekula si anayelipa.

Na tuseme kweli hata kama ni chungu kwetu. Miongoni mwa wauzaji wakubwa wa mafuta hayo ni nchi za Waislamu. Hatuwezi kuwasema Wazungu peke yao tukanyamaza kuhusu wetu.

Wakubwa wa dunia wanajua. Aprili 17, 2007 Baraza la Usalama lilijadili kwa mara ya kwanza tabianchi kama jambo la amani na usalama. Desemba 2021 Ireland na Niger zikaleta azimio kuhusu jambo hilo. Urusi ikalipiga kura ya turufu, likafa. Niger ni nchi ya jangwani ya Waislamu, inayoona kwa macho yake njaa na bunduki vikishikana mikono.

HUKU KWETU

Asidhani mtu kwamba nawasimulia ya mbali. Desemba 2000, katika wilaya ya Kilosa, Morogoro, wakulima 38 waliuawa katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni kwa ugomvi wa wakulima na wafugaji. Kenya, katika delta ya mto Tana, Wapokomo wakulima na Waorma wafugaji waliuana kati ya Agosti 2012 na Januari 2013, na waliokufa walipita 100. Waliolala ndani ya nyumba zao walichomwa, wakiwemo watoto. Katika pande zote mbili wamo wanaoswali swala moja.

Kisha kati ya mwishoni mwa 2020 na mwanzoni mwa 2023, misimu mitano ya mvua ilikosekana mfululizo kaskazini ya Kenya, Somalia na kusini ya Ethiopia. Mifugo ilikufa kwa mamilioni. Mfugaji aliyepoteza ng'ombe wake atakwenda wapi? Atakuja kwenye maji na majani. Na maji na majani yapo kwa mkulima. Ndugu yangu, mkulima huyo anaweza kuwa wewe, au baba yako.

Kwa hiyo mnaponisikia nakataza maneno ya msikitini na vijiweni kwamba "hawa wafugaji si watu," au "hawa wakulima ni wezi wa njia zetu," msidhani ni siasa. Darfur ilianza na maneno kama hayo, miaka mingi kabla ya risasi ya kwanza.

WATAKAOKUJA BAADA YETU

Nimalizie kwa Umar yule yule.

Iraq ilipofunguliwa, wapiganaji walitaka ile ardhi nzuri ya Sawad, yenye mito na mitende, igawiwe baina yao kama ngawira. Miongoni mwa waliolishikilia sana jambo hilo alikuwamo Bilal (r.a.). Umar alikataa. Hoja yake ilikuwa kwamba akiigawa yote leo, watakaokuja baadaye watakuta nini? Alishauriana na masahaba, akatoa dalili katika Sura ya al-Hashr, ambamo Allah anawataja Muhajirina, kisha Ansari, kisha wale watakaokuja baada yao. Ardhi ikabaki kwa wenye kuilima, wakailipia kodi, na kodi ikawa ya Waislamu wote, waliopo na wasiozaliwa. Zaidi ya miaka 1,300 iliyopita, Khalifa alimhesabia haki mtoto ambaye bado hajaumbwa tumboni.

Na alikuwa na malisho ya hifadhi, yanayoitwa hima. Alimwagiza msimamizi wake awaruhusu wenye ngamia wachache na kondoo wachache, na awe mwangalifu na mifugo ya matajiri kama Uthman bin Affan na Abdurrahman bin Auf. Si kwa kuwachukia, maana ni masahaba watukufu. Alieleza kwamba mifugo ya tajiri ikifa ana mashamba na mitende ya kurudia, lakini maskini mifugo yake ikifa atakuja na watoto wake mlangoni kwa Khalifa. Huu ni ugawaji wa malisho wakati wa uhaba. Darfur ilikosa hili.

Basi tufanye nini? Nasema machache, kila mtu kwa nafasi yake.

Maimamu wenzangu na wazee: mahali penye wakulima na wafugaji, tuwakalishe pamoja kabla ya kiangazi, si baada ya maziko. Njia za mifugo zijulikane, tarehe zijulikane, na maandishi yawekwe kwa pande mbili.

Viongozi: njaa ikianza isemwe. Kuificha hakuiondoi. Na hifadhi ya chakula iwekwe mwaka wa neema, kama alivyofanya Nabii Yusuf (a.s.) Misri.

Wenye mali: zaka yenu iwafikie wa karibu kabla hawajauza mbuzi wa mwisho. Mtu aliyeuza mbuzi wa mwisho huwa rahisi kununuliwa na mwenye bunduki.

Sisi wote: tupande miti na tuitunze ikue, tukikumbuka kuwa Mtume (s.a.w.) alituagiza mwenye mche mkononi aupande hata Kiama kikiwa kinasimama. Tusimwage maji ovyo hata kwenye udhu. Na tunapodai haki kwa mataifa makubwa yaliyochafua hewa, tudai kwa sauti moja, tukiwa safi na sisi nyumbani kwetu.

Swala ya kuomba mvua tutaendelea kuiswali. Lakini tukishatoa salamu, tuangalie vyungu vyetu viko wapi.

Ewe Mola wetu, tunyeshee mvua ya manufaa isiyo na madhara. Wape watu wa Sudan amani, wape mkate, warejeshe makwao. Usitufanye sababu ya watoto wetu kuchinjana kwa ajili ya kisima. Amin.

Ukiona lina faida, wafikishie wengine, hasa ndugu zetu wa vijijini.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.